Siku tatu za joto: kisa cha shule ya Jerusalem iliyofunguliwa Mei 2020

Kila Januari shule zikifunguliwa mnajua kinachofuata. Wiki ya pili kamasi, wiki ya tatu nyumba nzima inakohoa, mkubwa kamletea mdogo wake, mdogo kampa dada wa kazi, na baba mtu yuko ofisini analalamika kichwa kinamgonga. Januari 2024 Dar yalikuwa macho mekundu, watu wanashinda na miwani ya jua mpaka ndani ya daladala. Tumezoea. Kwa hiyo ukiuliza shule inasambazaje ugonjwa mtu anakuona kama unauliza swali la kitoto, si watoto wamebanana bana? Wamebanana ndio, ila watoto wanabanana mwaka mzima na si kila wiki wanaumwa darasa zima. Kisa ambacho mimi hukirudia nikitaka kulielezea hili ni cha shule moja ya sekondari Jerusalem mwaka 2020, wakati wa korona, na nakipenda kwa sababu moja tu: pale karibu kila mtu alipimwa, mwenye dalili na asiye nazo, kwa hiyo hatubahatishi nani alikuwa nao na nani hakuwa nao. Visa vya namna hiyo ni vichache sana.

Shule yenyewe ni Gymnasia Rehavia, ya umma, kongwe, ina jina pale mjini. Wanafunzi elfu moja na mia na kitu, umri miaka 12 hadi 18, wenyewe wanaita darasa la 7 mpaka la 12. Wanatoka mitaa mbalimbali na viunga vya mji, wengi wanakuja kwa basi la shule au basi la abiria kama mtu yeyote.

Israel ilifunga shule zote 13 Machi 2020. Tarehe 3 Mei wakaanza kuwarudisha kidogo kidogo, wale wadogo wa la 1 hadi la 3 na wale wa mwisho la 11 na la 12, wadogo wakiwa kwenye vikundi vidogo vidogo. Hapo mambo yalienda poa. Wagonjwa wapya nchi nzima, nchi ya watu kama milioni 9, walikuwa wameshuka mpaka hawafiki 50 kwa siku. Wazazi wamechoka, mabosi wanataka watu warudi kazini, na mtu aliyekaa ndani miezi miwili na mtoto wa miaka 13 hahitaji kuhubiriwa faida za shule. Basi 17 Mei, Jumapili, ambayo kwao ndo Jumatatu yetu, shule zikafunguliwa zote, madarasa yote, kwa mpigo. Siku hiyohiyo serikali mpya ikaapishwa, waziri wa elimu mpya na waziri wa afya mpya. Sisemi hilo ndo lilileta shida, ila ningekuwa mwalimu mkuu siku ile ningetaka sana kujua jambo likiharibika nampigia simu nani.

Masharti yalikuwepo, tena mazuri. Kila asubuhi mzazi anathibitisha kwamba mtoto ni mzima. Kunawa mikono. Barakoa. Kukaa mbalimbali. Darasa na darasa wasichanganyike ovyo. Ukiisoma orodha ile huoni cha kulaumu, na nina hakika aliyeiandika alikuwa mtu makini tu mwenye nia njema. Tatizo ni kwamba orodha iliandikwa kwa ajili ya shule fulani ya kwenye akili ya mtu, halafu ikapelekwa kwenye shule yenye kuta.

Sasa naomba tuzame kwenye hizo kuta kidogo maana hapa ndo penyewe. Vyumba vya madarasa pale vilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 39 hadi 49, na kila chumba kina wanafunzi 35 hadi 38. Ukipiga hesabu kila mtoto anabaki na eneo la mita ya mraba 1.1 hadi 1.3, wakati hata kiwango chao wenyewe kinataka 1.5. Nikasema hebu nione hiyo 1.2 ni kitu gani, nikachukua futi nikapima mlango wa chumbani kwangu, upana sentimita 80, urefu mita 2, hiyo ni 1.6. Yaani ungoe mlango uulaze sakafuni, halafu ukate robo yake uitupe, kilichobaki ndo nafasi ya mtoto mmoja, na hapo ndani kuna meza yake, kiti chake, begi lake, na miguu ya kijana wa miaka 16 ambayo mnajua ilivyo mirefu. Sasa mwambie akae mbali na mwenzie, akae mbali wapi? Atoke na ukuta? Ripoti ya wataalamu wa afya waliochunguza kisa hiki inasema wazi kwamba kukaa mbalimbali hakukuwezekana, si wanafunzi kwa wanafunzi wala wanafunzi na walimu. Kwa hiyo kabla hata ugonjwa haujaingia, sharti moja kati ya yale lilishakufa kwa hesabu ya darasa la tatu.

Bado yapo mengine. Barakoa ipo, madirisha yapo. Hapo likaja joto.

Pale kwao kuna upepo wa jangwani unaoleta joto la hatari kipindi kile cha mwaka, watu wa mtaani wanauita hamsin, na ndiyo, ni hamsini hiihii yetu, Waarabu waliuita hivo kwa sababu inasemekana huvuma siku hamsini. Mei 2020 ulikuja mkali, nyuzi joto 40 na kupita. Mtoto amekaa kwenye robo tatu ya mlango, nyuzi 40, na kitambaa puani. Unamuonea huruma, nani asingemuonea? Mamlaka za afya zikatoa ruhusa barakoa zivuliwe shuleni kwa siku tatu. Na viyoyozi vikawashwa, vya kutwa nzima.

Jumanne 19, Jumatano 20, Alhamisi 21 Mei. Shikeni hizo tarehe.

Hapa nisimame kidogo kwenye kiyoyozi maana watu wengi hata wasomi hawajui kinafanya nini. Kile cha ukutani, kile tulicho nacho maofisini, hakileti hewa mpya. Kinavuta hewa ya humo humo chumbani, kinaipoza, kinairudisha humo humo. Ile mashine ya nje inatoa joto tu, haibadilishani pumzi na mtu. Na ukishawasha unafunga madirisha, la sivyo unapoza mtaa. Washa chetezo cha udi kwenye chumba dirisha likiwa wazi, dakika kumi harufu imepungua. Washa chumba kimefungwa na kiyoyozi kinazungusha, harufu inafika kila pembe, inakaa mpaka kwenye mapazia, na mgeni akiingia baada ya saa nzima anajua ulifukiza. Pumzi ya mtu mwenye kirusi kile inafanya kazi hivohivo, wala hahitaji kukohoa, akiongea tu akicheka tu inatosha. Ila mwezi Mei 2020 hili lilikuwa halijakubalika rasmi, wakubwa wa afya duniani walikuwa bado wanakazania matone na kunawa mikono, na ilikuwa Julai ndo wanasayansi 239 wakaandika barua ya wazi kusema jamani huu ugonjwa uko hewani. Kwa hiyo wenye shule wala hawakufanya uzembe kwa walichokijua wakati ule. Sabuni ilikuwepo. Hewa ndo haikuwekwa kwenye orodha.

Jambo moja nililisawazishe maana nimeliona linapotoshwa: kila darasa lilikuwa na kiyoyozi chake. Si kwamba bomba moja lilikuwa linapuliza ugonjwa toka chumba hadi chumba. Na ndo maana, kama mtakavyoona, kuna vyumba viliungua na vyumba vilipona.

Jumanne iliyofuata, 26 Mei, taarifa ya mwanafunzi wa kwanza mwenye korona ikaingia. Ameupata wapi, haijulikani. Wakafanya kile kinachofanywa, waliokuwa karibu naye wakaambiwa wajitenge nyumbani. Kesho yake 27 Mei akaja wa pili, wa darasa tofauti kabisa, na walipowachunguza hawakuona kinachowaunganisha. Wote wawili walikuwa na dalili nyepesi tu, homa, kichwa, harufu na ladha kupotea. Na wote wawili walikuwa shuleni zile siku za tarehe 19 hadi 21.

Huyu wa pili ndo aliyeokoa jahazi kwa maoni yangu. Mgonjwa mmoja unaweza kumuelezea, labda kapata kwa mjomba. Wawili wanaojuana pia unaelezea, mmoja kampa mwenzie. Lakini wawili wasio na uhusiano, siku mbili mfululizo, shule moja, hapo ni kama kuona panya wawili mchana kweupe, huna haja ya kupanda darini kujua kwamba kule juu kuna ukoo mzima. Walifunga shule na wakasema hatuwafukuzii waliokaa nao karibu tu, tunapima wote. Na kweli walipimwa karibu wote, wanafunzi 1,161, zimebaki nafasi chache za kuhesabu kwa vidole, na wafanyakazi 151 kati ya 152.

Majibu: wanafunzi 153 wanao. Wafanyakazi 25 wanao. Jumla 178. Na mlipuko uligundulika siku kumi tu tangu geti lifunguliwe.

Kwa asilimia ni 13.2 ya wanafunzi na 16.6 ya wafanyakazi, ila wastani huu unadanganya kidogo kwa sababu haukutapakaa sawasawa kama siagi kwenye mkate. Kuna darasa moja la wa tisa lilitoa wagonjwa 20 peke yake, kwenye chumba cha watoto 35 mpaka 38 hiyo ni zaidi ya nusu. Kuna la wa saba lilitoa 14. Wale wakubwa wa la 10 mpaka la 12 walipata kidogo kuliko wadogo, na hawa wakubwa wako jengo lilelile ila upande mwingine, uwanja wa kuchezea ni mmoja na maeneo ya pamoja ni yaleyale. Kwa hiyo kama uwanja ndo ungekuwa mwizi mkubwa tungetegemea pande zote mbili zifanane zaidi. Mimi naona picha ile inanyoosha kidole kwenye vyumba, ugonjwa uliingilia upande wa wadogo, ukakuta milango imefungwa na hewa inazunguka, ukala hapohapo.

Na walimu? Hapa kuna kitu kidogo ambacho ukisoma haraka unakiruka. Kati ya walimu walioambukizwa, wanne walikuwa wanafundisha madarasa yote manne yaliyopigwa zaidi, wawili wanafundisha matatu kati ya hayo, na mmoja mawili. Ukimwambia mtu "madarasa yasichanganyike" anawaza watoto, anaweka alama za mshale koridoni, anapanga zamu za mapumziko. Sekondari anayechanganya madarasa ni mwalimu. Mwalimu wa hesabu anatoka la saba anaingia la tisa anaenda la tisa jingine, na kila anakoingia yeye ndo anayeongea kwa sauti dakika arobaini, siku ya joto, mbele ya watoto wasio na barakoa. Sisemi walimu ndo walioleta, data haionyeshi nani alimpa nani na inawezekana kabisa wao ndo waliokusanya toka kila chumba. Ila ratiba ya vipindi ilikuwa ramani tosha na sidhani kama kuna aliyeitazama kwa jicho hilo kabla.

Sasa lile ninalolisema kila siku. Kati ya wanafunzi 153 wenye kirusi, waliokuwa na dalili ni asilimia 43 tu. Wengine wote wazima, wanakula, wanacheza, wanagombana na wadogo zao. Kwa wafanyakazi ilikuwa asilimia 76 wenye dalili, watu wazima hatufichi kitu. Sasa rudi kwenye ile orodha ya masharti uangalie siku zile tatu limebaki sharti gani linalofanya kazi. Umbali umekufa kwa sababu ya vyumba. Barakoa imevuliwa kwa ruhusa. Dirisha limefungwa kwa sababu ya kiyoyozi. Kunawa mikono kupo, ila hewa hainawiwi. Limebaki la mzazi kuthibitisha asubuhi kwamba mtoto hana homa, na hilo, hata kama kila mzazi wa Jerusalem ni mkweli kama malaika, lingewapitisha zaidi ya nusu ya hawa watoto bila shida yoyote kwa sababu kweli hawakuwa na homa! Sharti pekee la kumkamata mgonjwa lililostahimili joto ndo lile ambalo lisingeweza kuwaona.

Nakumbuka zile bastola za kupimia joto za kwetu 2020. Mlinzi wa getini anamwelekezea mtoto kwenye paji, inalia pii, inasoma 35 na kitu, ambayo kama ni kweli mtoto ana baridi ya kuzimia, mlinzi anasema pita. Kila mtu alipita. Sikuwahi kuona mtoto aliyerudishwa na sidhani kama nitakutana na aliyemuona.

Shule haina ukuta upande wa nyumbani, hilo nalo lilionekana. Mpaka katikati ya Juni walikuwa wamepatikana wengine 87 waliohusiana na hao 178, ndugu zao wanaosoma shule nyingine, marafiki, watoto wanaokutana nao jioni kwenye michezo na kwenye madarasa ya dansi, wazazi, familia za wafanyakazi. Hebu fikiria lile darasa la dansi, mzazi anajua mtoto wake hasomi ile shule, amelala usingizi, kumbe anayecheza naye jioni anatoka kwenye chumba cha wale 20. Kwa eneo la Jerusalem, vijana wa miaka 10 hadi 19 walikuwa asilimia 19.8 ya wagonjwa kabla ya tarehe 24 Mei, baada ya hapo mpaka mwisho wa Juni wakawa 40.9. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na kwamba walianza kupimwa kwa wingi, ukimulika tochi chini ya kitanda lazima uone vumbi, ila mara mbili ni nyingi kuwa ya tochi peke yake.

Sasa watu walivyokitumia hiki kisa. Julai ripoti ilipotoka dunia nzima ilikuwa inagombana kuhusu kufungua shule, kwa hiyo kila upande ukakivamia. Waliotaka shule zifungwe wakasema mnaona, siku kumi tu. Waliotaka zifunguliwe wakasema hiyo ni shule moja, na joto lile lilikuwa la ajabu, haliwezi kujirudia. Wote wana kaukweli na wote wanakera. Ni kweli ni shule moja. Na ni kweli pia kwamba Israel mwezi uleule ilikuwa inafungua kila kitu, migahawa ilirudi 27 Mei, siku ileile ya mwanafunzi wa pili, baadae Juni kumbi za sherehe, kwa hiyo wimbi la pili lililowapiga kiangazi kile kulibebesha Gymnasia Rehavia peke yake ni uonevu. Kuna watafiti wa hukohuko Israel walikuja kuangalia takwimu za nchi nzima wakaona kwamba kulegeza mikusanyiko mikubwa kulichangia zaidi kuliko kufungua shule kwenyewe. Sina ugomvi nao. Wanajibu swali la nchi, mimi naongelea chumba.

Tena hilo la "shule zilifunguliwa" ndo linaloharibu mjadala mzima, kama vile ni kitu kimoja. Denmark walifungua 15 Aprili 2020, mwezi mzima kabla ya 17 Mei ya Israel, wa kwanza Ulaya, na halikutokea la ajabu. Lakini walifungua nini? Waliwarudisha wadogo tu, wa la tano kushuka chini, wakawagawa vikundi vya watoto kumi na kitu, meza mbalimbali, kunawa kutwa nzima, na vipindi vingi wakavipeleka nje, uwanjani na maporini, Aprili ya kule ambayo kwetu sisi ni friji. Ndani ya Israel yenyewe, kile kilichofanyika 3 Mei na kile cha 17 Mei vyote vinaitwa kufungua shule. Wiki mbili tu katikati. Cha kwanza kilifanana na Denmark kidogo, cha pili kilifanana na mlango wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Na kwetu? Tanzania wengi walirudi 29 Juni 2020, Kenya wakaanza 12 Oktoba na Grade 4, darasa la 8 na Form 4 kisha wote 4 Januari 2021, Uganda kufungua zote wakakaa mpaka 10 Januari 2022, wa mwisho duniani karibu. Profesa Magoha, marehemu, akiwa waziri wa elimu Kenya alisema watoto wanaweza kusomea hata chini ya miti, alichekwa vibaya mno. Na wenye kucheka walikuwa na sababu zao, mvua, jua, ubao unauweka wapi, na mzazi anaona serikali inakwepa kujenga madarasa, hayo yote sawa. Ila kwa swala la hewa peke yake mzee hakuwa anatania. Mtoto chini ya mwarobaini yuko salama kuliko mtoto wa Jerusalem kwenye chumba cha kiyoyozi, hata kama wa Jerusalem ana laptopu.

Ndo maana huwa sikubali mtu akikichukua kisa hiki akakibandika kwetu hivihivi, eti wao walikuwa 38 wakaungua, sisi tuko 80 na 90 darasani tungekufa wote. Darasa la shule ya msingi ya kata lenye madirisha ya nondo yasiyo na vioo na matofali ya matundu juu ukutani, upepo unaingia mpaka unapeperusha daftari, hewa yake inabadilika mara nyingi sana kwa saa bila mtu kugusa swichi. Kubanana kuko palepale na surua haitakuonea huruma kwa upepo, watoto wasiochanjwa surua inawapata hata iweje. Ila ukitaka kujua chumba chetu kinachofanana na cha kule, usiende darasani. Nenda bwenini saa tano usiku. Vitanda vya ghorofa, sentimita 50 kati ya kitanda na kitanda kama wamejitahidi, mabegi ya bati yamezuia nusu ya dirisha, na dirisha lenyewe limefungwa kwa sababu ya mbu au baridi au wezi wa mashuka, watoto wanalala humo saa saba nane wanapumua. Wale wa Jerusalem walikaa vyumbani asubuhi mpaka mchana kwa siku tatu. Au nenda zile shule za binafsi za mjini zenye tangazo kubwa kwamba madarasa yana AC, mzazi analipa zaidi kwa ajili hiyo, na mimi siku nilipoambiwa hivo kwenye ziara ya kutafuta shule nikauliza, je madirisha yanafunguka? Dada wa mapokezi akaniangalia kama nimeuliza kama shule ina ng'ombe. Akasema yamezibwa ili vumbi lisiingie.

Kilichoendelea Israel ni hivi. Baada ya ile shule kufungwa na kupimwa, nyingine zikaanza kufungwa Juni hiyohiyo kila zilipopata mgonjwa, moja moja, maelfu ya watoto na walimu wakawa karantini mpaka mwaka wa masomo ukaisha hivohivo kwa kuchechemea. Tarehe 7 Julai mkuu wa idara ya afya ya jamii kwenye wizara ya afya, Siegal Sadetzki, akajiuzulu, na moja ya malalamiko yake ni jinsi nchi ilivyofunguliwa haraka na kwa upana. Septemba 1 watoto wakarudi tena, mwaka mpya wa masomo, begi mpya, masharti mapya, yale ya vikundi yakiwa yamerudi kwa baadhi ya madarasa. Tarehe 17 mwezi huohuo shule zikafungwa, na kesho yake nchi nzima ikaingia lokdauni ya pili.